Futi Tano na Inchi Mbili

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Afisa Ugavi wa manispaa alikuwa mezani pake akichonga penseli kwa wembe, magamba yakidondokea juu ya gazeti la jana, Shangazi wa mochwari alipoingia bila kubisha. Mlango wenyewe ulikuwa hauna kitasa tangu mwaka juzi, ukiugonga unafunguka. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mikono minene, viatu vyeupe vya mpira, na harufu ya dawa isiyomtoka hata akioga mara mbili. Hospitali nzima ilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

"Nimekuja kuhusu masanduku," alisema.

"Masanduku gani?"

"Usijifanye hujui. Majeneza. Ni mafupi."

Afisa Ugavi alipuliza ncha ya penseli. "Kipimo ni kipimo, Shangazi."

"Kipimo cha nani?"

Jibu alikuwa nalo, ila halikumpendeza. Miaka kumi na mmoja nyuma, akiwa bado karani, manispaa iliamua kununua majeneza ya kuzikia watu wasio na ndugu pamoja na watumishi wake wa chini wanaofia kazini. Kanuni zilitaka kipimo kichukuliwe kwa mtu halisi. Mochwari ilikuwa ng'ambo ya barabara, siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyetaka kulowa kwa ajili ya maiti. Basi karani akavua viatu, akapanda juu ya meza ya mikutano, akalala chali na kukunja mikono kifuani, na sekretari akampima kwa rula ya futi moja, akiisogeza kidogo kidogo kuanzia utosini. Ikatoka futi tano na inchi mbili. Kipimo kikaandikwa, kikagongwa mhuri, na kila zabuni iliyofuata ikanakiliwa kutoka ile iliyoitangulia. Karani alipandishwa cheo. Kimo chake kilibaki palepale, na majeneza nayo yakabaki palepale.

Kwa miaka hiyo yote Shangazi alikuwa na nyundo ya mbao iliyofungwa kitambaa kichwani ili isichane ngozi. Aliyezidi kipimo, alimvunja magoti ndipo akaenea. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, na hakuna aliyewahi kumwuliza anafanyaje. Masanduku yalikuja, watu wakaingia, vifuniko vikafungwa. Kule ofisini walidhani watu wanaenea.

Sasa mumewe mwenyewe alikuwa kwenye droo namba tisa.

Mume huyo alikuwa fundi wa taa za barabarani, mtumishi wa manispaa, mrefu kupita kiasi, ndiyo maana wakamwita Mlingoti. Alhamisi iliyopita mtu aliwasha umeme huku, yeye ameshika waya kule, na hiyo ndiyo ikawa pensheni yake. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa Mlingoti hakuwahi kulala amenyooka. Kitanda chao kilikuwa kifupi, na kirefu zaidi kisingepita mlangoni. Milangoni aliinama, kwenye magari magoti yalimfika kidevuni, kazini alipewa ovaroli iliyoishia chini kidogo ya goti. Hakulalamika, na hilo lilimuudhi mkewe kuliko urefu wenyewe. Jambo moja tu aliliomba, zaidi ya mara moja, kwa utani ambao wote wawili walijua si utani: "Siku nikifa, ninyooshe. Basi." Shangazi alimwahidi, huku akijua fika ile nyundo imening'inizwa wapi.

Angeweza kumchongeshea sanduku la nje, lakini mlinzi wa makaburi ya manispaa hapokei sanduku lisilo na mhuri, na shimo lenyewe huchimbwa kwa kipimo cha sanduku. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Masanduku ya zamani yalikuwa yamekwisha, na zabuni ya mapya, ya miaka mitatu, ilikuwa inafunguliwa wiki hiyohiyo.

"Wapo wazabuni wawili," Shangazi alisema. "Nimeona masanduku yao yakishushwa. Mmoja ni yuleyule wako wa siku zote. Wa pili kaleta refu, futi sita na nusu, bei ileile. Chagua refu."

"Halimo kwenye kipimo."

"Mume wangu naye hayumo kwenye kipimo."

"Pole sana," Afisa Ugavi alisema, na huenda alimaanisha. Lakini alikuwa ameanza kuwa mwekundu masikio, kwa sababu kila mtu aliyesema majeneza ni mafupi alikuwa, kwa hesabu zake, amesema yeye ni mfupi. "Sikiliza, Shangazi. Wewe si mtumiaji. Mimi si mtumiaji. Kama watumiaji wana malalamiko, waje waseme wenyewe. Tena waraka mpya umetoka."

Akautoa kwenye droo. Waraka ulisema kuanzia mwaka huu kitu chochote kisinunuliwe kwa fedha ya umma kabla mtumiaji mwenyewe hajaitwa na kusikilizwa: muuguzi kuhusu kipimajoto, mpishi kuhusu sufuria, dereva kuhusu gari. Mahudhurio yawekwe kwenye faili. Afisa Ugavi alitabasamu kwa dharau, akamwita sekretari, na barua ikapigwa chapa palepale. Kwa: Watumiaji wa Majeneza. Kupitia: Mochwari. Yah: Mwaliko wa Kikao cha Tathmini, Jumatano saa nne kamili, ghorofa ya tatu.

"Na wasipokuja?" Shangazi aliuliza.

"Tutaandika walialikwa, hawakufika. Faili litakuwa limetimia."

Shangazi aliichukua barua bila kuaga. Alivuka barabara, akaingia kwenye chumba cha baridi, akafunga mlango na kuisoma kwa sauti, kwa kuwa barua ni ya mwenyewe na mwenyewe yupo. Alisoma tarehe, saa, ghorofa na cheo cha mwenyekiti. Alipomaliza, droo namba nne ilisukumwa kutoka ndani. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuwaalika popote, ndiyo maana hawakuwa wamewahi kutoka.

Aliyechomoza kichwa alikuwa mwalimu mstaafu, hana ndugu, kafa kwa moyo kwenye foleni ya benki. "Barua ina mhuri?" aliuliza.

"Unao."

"Wa duara au wa pembe nne?"

"Wa duara."

"Basi ni halali. Tutakwenda."

Walikuwa kumi na mmoja kwenye droo kumi na mbili, na walibishana hadi jioni ni nani aende. Mwisho walichagua watatu. Mwalimu alichaguliwa kwa kuwa hakunyamaza. Wa pili alikuwa Mchukuzi, mwanamke aliyebeba magunia sokoni miaka thelathini, mabega mapana kama mlango. Yeye alikuwa ushahidi, maana Shangazi alishamvunja magoti Ijumaa iliyopita kwa sanduku la mwisho, likapasuka ubavu wakati wa kulifunga, akarudishwa droo akiwa amekunjwa vilevile.

"Nitapandaje ghorofani?" Mchukuzi aliuliza. "Huyu ndiye aliyenivunja." Akamnyooshea Shangazi kidole.

"Ndiyo mimi," Shangazi alisema.

"Usiseme ndiyo mimi kama unayeitikia jina darasani. Magoti haya yalibeba mji mzima."

Shangazi aliona aibu. Wa tatu kuchaguliwa alikuwa Mlingoti. Hakugombea, wenzake walimsukuma, na kukataa hakujua. Alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akamwambia koti lake la kazini apewe kibarua wa zamu yake, asilitupe.

"Huna jingine la kuniambia?" Shangazi aliuliza.

"Barua inasema saa nne," Mlingoti alijibu. "Tusichelewe."

Jumatano walivuka barabara wakiwa wamejifunga shuka, vibao vya namba vikining'inia kwenye vidole gumba vya miguu. Mlingoti alimbeba Mchukuzi mgongoni. Dereva mmoja aliwapigia honi na kuwatukana, kama anavyowatukana wote wanaovuka pale. Lifti ilikuwa mbovu. Walipanda ngazi taratibu, barafu ikiyeyuka na kuacha nyayo za maji, na kwenye ghorofa ya pili mfanya usafi aliwasimamia mbele na fagio lake.

"Nyie! Nimetoka kupiga deki sasa hivi, hamna macho?"

"Tuwie radhi, mama," Mwalimu alisema.

"Radhi haikaushi sakafu. Piteni pembeni."

Wakapita pembeni.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni moja iliyozunguka ikinguruma, na yale masanduku mawili yamewekwa sakafuni chini ya dirisha, fupi na refu. Afisa Ugavi alikaa kiti cha mwenyekiti. Kulia kwake alikaa mwanasheria wa manispaa, mwenye mafua, na kushoto sekretari aliyekuwa akiandika muhtasari. Shangazi aliambiwa asimame mlangoni, kwa kuwa barua ilipitia kwake lakini haikuwa yake. Chai ilikuwa vikombe vitatu. Waraka haukutaja chai ya watumiaji.

Afisa Ugavi aliwatazama wale watatu mmoja mmoja. Alichukizwa, si kwa kuwa walikuwa maiti, bali kwa kuwa walikuja. "Mmechelewa dakika saba," alisema. "Andikeni mahudhurio."

Sekretari alipitisha karatasi yenye safu za jina, cheo na sahihi. Mwalimu aliisoma mbele na nyuma kabla ya kusaini. Mchukuzi alibonyeza kidole. Mlingoti alisaini bila kusoma, mahali alipoonyeshwa, kwa mwandiko safi wa mtu aliyesaini karatasi za wakubwa maisha yake yote.

Kisha Mwalimu akasimama. "Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne," alianza. "Tuko kumi na mmoja. Nimewapima wote. Tisa wamezidi futi tano na inchi mbili. Huyu mwenzetu amezidi kwa futi moja na inchi tatu. Hilo si sanduku la watu, waheshimiwa, ni sanduku la mtu mmoja. Sijui ni nani, lakini ningependa kumwona."

Feni ilinguruma. Sekretari aliinamisha uso kwenye karatasi akajifanya anaandika.

"Kumi na mmoja ni wachache," mwanasheria alisema, akipenga kamasi. "Hamwezi kuwasemea wote."

"Niwaite wengine? Makaburini wapo mia tisa na kitu, wengi wamekunjwa."

"Viti havitoshi," mwanasheria alijibu haraka.

Mchukuzi hakungoja kupewa ruhusa. Alifunua shuka, akaonyesha magoti yake yalivyogeuzwa upande. "Haya, tazameni. Msigeuze macho, wewe mwenye mafua, tazama. Hii ndiyo kazi ya sanduku lenu."

Afisa Ugavi aliangalia kwa muda mfupi wa heshima. "Hiyo ni kasoro ya utunzaji," alisema. "Si kasoro ya bidhaa. Bidhaa ilifika ikiwa nzima. Hapo wa kuulizwa ni mochwari."

Wote wakageuka kumtazama Shangazi pale mlangoni. "Miaka kumi na mmoja nawafichia aibu yenu," alisema, "leo mnanipa mimi?"

"Aliyesimama mlangoni haongei," mwanasheria alisema. "Sekretari, usiandike hilo." Sekretari hakuliandika.

"Na wewe?" Afisa Ugavi alimwuliza Mlingoti. "Mtumishi wetu. Una neno?"

Mlingoti alisimama. Kichwa kilikaribia feni, akainama kwa mazoea. "Mkubwa," alisema, "naomba kunyooka."

"Haya, yajaribu masanduku. Tusije tukasemwa hatukuwashirikisha."

Alijaribu kwanza lile fupi, kwa kuwa lilikuwa karibu. Aliingia, akalala, na miguu ikabaki nje kuanzia katikati ya muundi, kama mtu aliyeoga kwenye beseni la mtoto. Alitoka. Kisha akaingia kwenye lile refu. Alishusha mgongo, akashusha kichwa, akanyoosha goti moja halafu la pili, polepole, kama asiyeamini kwamba hakuna ubao utakaomgota. Haukumgota. Akanyoosha hadi vidole. Shangazi, aliyeishi naye miaka ishirini na saba, hakuwa amewahi kuuona urefu wake wote mahali pamoja. Alikuwa mtu mzuri. Uso ulimlegea, mikono ikalala ubavuni bila kutafuta mahali pa kujibana. Mwalimu alitazama saa ya ukutani na kuhesabu. Mwanasheria akapiga chafya.

"Inatosha," Afisa Ugavi alisema. "Toka."

Mlingoti alitoka.

Labda mambo yangekwenda vingine kama Mwalimu angenyamaza hapo. Lakini alikuwa mwalimu. Alimtazama mwenyekiti kuanzia utosini hadi kwenye soli nene za viatu vyake, akapiga hesabu kichwani, na akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu. "Ahaa," alisema tu.

Afisa Ugavi alisimama. Hakukuwa na tofauti kubwa na alipokuwa amekaa. Alivua viatu, akaviweka sambamba chini ya kiti, akatembea kwa soksi hadi kwenye lile sanduku fupi, akaingia, akalala na kukunja mikono kifuani. Alienea kama yai kwenye kasha lake.

"Mnaona?" sauti yake ilitoka ndani. "Nani kasema halitoshi? Nimelala, nimenyooka, sijaumia popote. Miguu iko ndani. Kichwa kiko ndani. Tatizo si sanduku. Tatizo ni watu kutojizuia."

"Kujizuia nini?" Mchukuzi aliuliza.

"Kurefuka."

Alilala kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Alipotaka kuinuka, mbao za pembeni zilimbana mabega, na Mlingoti akampa mkono akamvuta. Afisa Ugavi aliufuta mkono wake kwenye suruali, mbele ya aliyemsaidia, akavaa viatu na kurudi kwenye kiti chake.

Mwanasheria alisema sasa watumiaji watoke nje, kamati iamue. Mwalimu akauliza vipi waitwe kushiriki uamuzi, kisha watolewe wakati wa uamuzi. Mwanasheria akaeleza, bila haraka, kwamba sheria hairuhusu mtu mwenye maslahi kwenye bidhaa kukaa kwenye kikao kinachoichagua. "Ninyi ndio mtakaozikwa nayo," alisema. "Hakuna mwenye maslahi kuwazidi. Sisi hatuna, ndiyo maana tunabaki."

Walikaa kwenye benchi la korido, watatu, na Shangazi akasimama pembeni yao. Mfanya usafi alipita akapiga deki chini ya miguu yao, akawaambia wainue. Waliinua, isipokuwa Mchukuzi, aliyeinuliwa na Mlingoti. Ndani walisikia vikombe vikigongana, na mara moja kicheko. Baada ya robo saa sekretari alitoka, akasema wanaweza kwenda, majibu yatakuja kwa barua.

Barua ilikuja Alhamisi. Sanduku refu lilikuwa limeondolewa mashindanoni kwa kwenda kinyume na kipimo. Mzabuni wa zamani alikuwa amepewa kazi kwa miaka mitatu. Shangazi aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuka barabara, akapanda zile ngazi akihema, na safari hii aliusukuma mlango usio na kitasa hadi ukagonga ukuta.

"Una roho ya namna gani wewe?" alisema.

"Shangazi, punguza sauti, hapa ni ofisini."

"Walikwambia! Walikuja kwa miguu yao, wengine hawana hata miguu, wakakwambia usoni ni fupi! Ulimwona mume wangu alivyolala!"

"Nilimwona. Hata imeandikwa." Afisa Ugavi alifungua faili na kumgeuzia. Muhtasari ulikuwa wa ukurasa mmoja. Watumiaji walialikwa, walifika, walitoa maoni, walijaribu bidhaa, na mwenyekiti naye aliijaribu mbele yao bila kupata tatizo. Chini kabisa ilibandikwa ile karatasi ya mahudhurio, na juu yake sasa palikuwa na mstari mpya uliopigwa chapa: Sisi tuliosaini hapa tumeshirikishwa kikamilifu na tunaridhia. "Sahihi ya mumeo hii hapa. Mwandiko mzuri, nimesema kila siku."

"Mstari huu haukuwapo."

"Sasa upo."

Shangazi alimwambia neno ambalo haliandikiki hapa, na alilisema lote. Sekretari aliacha kupiga chapa. Afisa Ugavi akasema rufaa zinapokewa ndani ya siku kumi na nne, kutoka kwa mtumiaji mwenyewe, akiwa na kitambulisho kinachoonyesha yu hai. Hakusema kwa kejeli. Ndivyo fomu ilivyosema.

Ijumaa masanduku kumi ya kwanza yalishushwa mbele ya mochwari. Mchukuzi alizikwa alasiri hiyo, na kabla kifuniko hakijafungwa alimwambia Shangazi kwamba hajamsamehe. Mwalimu aliandika rufaa tatu kwa penseli aliyoazima, zote zikarudishwa kwa kukosa kitambulisho. Ripoti ya Afisa Ugavi ilipelekwa juu, na kabla ya saa kumi simu ikapigwa kuipongeza manispaa kwa kuwa ya kwanza kuutekeleza waraka kwa ukamilifu. Watu wa manispaa nyingine wangekuja kujifunza.

Jumamosi gari la makaburi lilitarajiwa saa tano. Saa nne Shangazi aliivuta droo namba tisa. Mlingoti alikuwa macho, amejikunja kwa ubavu, kwa kuwa hata droo ilikuwa fupi kwake. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya bati, wazi.

"Kwa nini ulisaini?" Shangazi alimwuliza.

"Waliniambia ni mahudhurio."

"Miaka yote unasaini tu. Ovaroli fupi, saini. Kazi ya Jumapili, saini. Waya wenye umeme, saini! Hapana zako zote ulinipa mimi. Mume wangu vaa koti, hapana. Nenda kwa daktari, hapana. Wakubwa hukuwahi kuwapa hata moja."

"Ningesema hapana wangefanya nini tofauti?"

"Hakuna. Lakini mimi ningekuwa na mume aliyesema hapana."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba ndani ya sinki. "Samahani, mama," Mlingoti alisema.

"Usiniombe samahani, unaniudhi." Alikuwa analia na amekasirika, hakujua kipi kimeanza. Aliitoa nyundo ukutani, akafungua kitambaa cha zamani, akafunga kipya, cha kanga yake mwenyewe, mara tatu.

"Jumatano nilinyooka," Mlingoti alisema.

"Nilikuona."

"Mwalimu anasema dakika nne na kidogo. Nilikuwaje?"

"Ulikuwa mrefu, mzuri, mpumbavu wewe," Shangazi alisema, kama anayemtukana.

Mlingoti alicheka kidogo. Alishuka mwenyewe kutoka kwenye droo, akapanda kwenye meza ya bati, akalala chali, na akajisogeza ili mkewe asilazimike kuinama sana, maana alijua mgongo wake ni mbovu. "Anza na la kushoto," alisema. "Hilo lilikuwa linauma hata zamani."

"Geuza uso."

Aligeuza uso ukutani. La kushoto lilikubali kwa pigo moja. La kulia lilichukua matatu, kwa sababu Mlingoti alikuwa amejikaza, na baada ya kila pigo aliomba radhi. Shangazi alimkunja miguu, akampitisha mkono chini ya mabega kama alivyomwamsha asubuhi nyingi, akamwingiza. Saa tano kasoro robo alikuwa ameenea, na nafasi ya vidole viwili ikabaki.